Mbegu ya Mama

Ijumaa asubuhi, Nyasuguta alipopiga honi barabarani, Wesley hakutoka kumsindikiza mamake. Alisimama mlangoni pa nyumba yake na kikombe cha chai mkononi, akamtazama Emmaculate akivuka uwanja na mkoba mpya begani.

"Mama, siku tatu," alisema kwa Kijaluo. "Na huendi matanga wala harusi."

"Siendi matanga."

"Sasa unaenda kufanya nini huko Mbita?"

"Kutembea."

Wesley alicheka kwa pua. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kifungua mimba wa Emmaculate, na tangu babake azikwe alikuwa amekishika kila kitu pale nyumbani, kimoja kimoja, kwa upole wa mtu anayesaidia. Aliuza ng'ombe mweupe kisha ndipo akamwarifu mamake. Alihamisha zizi la mbuzi likawa karibu na mlango wake. Hata ufunguo wa ghala siku hizi ulilala kwake. Ukimwuliza angekuambia anampumzisha mama, na huenda mwenyewe aliamini hivyo.

"Na mvua ikinyesha?"

"Redio imesema bado wiki mbili," Emmaculate alijibu, akaondoka kabla hajaulizwa lingine.

Nyasuguta alikuwa kwenye usukani na miwani ya jua juu ya kitambaa cha kichwa. Alikuwa Mkisii wa kuuza mitumba Migori mjini, mwanamke wa sauti kubwa, na gari hilo aina ya Probox lilikuwa lake mwenyewe, haendeshwi na mtu. Kiti cha nyuma aliketi Bosibori, muuguzi mstaafu, Mkisii pia, mpole, na kapu la ndizi mbivu mapajani. Wote wawili walikuwa Wasabato. Emmaculate Mkatoliki alikuwa na meza ya omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya meza ya Nyasuguta kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka yote hiyo watatu hao walikuwa wakisema, siku moja tutaenda.

"Ingia, mama, tutoroke!" Nyasuguta alisema. "Huyo kijana wako anatuangalia kama askari wa kizuizini."

Kutoka Masara waliteremka hadi Sori, ziwa likajitokeza. Hapo Emmaculate alipajua. Alikuwa akija kuchukua mzigo, anageuka. Mbele ya Sori hakuwahi kufika. Barabara ilipanda milima ya Gwassi, ziwa likabaki chini upande wa kushoto, mara linaonekana, mara linafichwa na mawe, na kila lilipotokea tena lilikuwa na rangi nyingine. Nyasuguta aliimba. Bosibori aligawa ndizi. Emmaculate alitazama dirishani hadi shingo ikamuuma, akajiona mjinga kwa furaha ile, mtu wa miaka hamsini na tisa. Hata hivyo hakutulia. Kila baada ya kona mbili alichomoa simu mkobani kuangalia kama kuna aliyempigia.

"Weka hiyo kitu," Nyasuguta alimwambia. "Kwani ni mgonjwa umemwacha?"

Mpango ulikuwa huu: Jumamosi wapumzike Mbita, kwa sababu ni Sabato, na Jumapili wavuke kwa boti kwenda Mfangano. Ombi la Mfangano lilikuwa la Emmaculate. Karibu omena zote alizowahi kupima kwa gorogoro, ule mkebe wa sokoni, zilitoka kisiwa hicho, naye hakuwahi kukiona hata kwa mbali.

Jumamosi, jua halijachomoza vizuri, simu ililia.

"Mama, imenyesha," Wesley alisema. Hakusalimia. "Tangu jana jioni mpaka usiku. Ile mvua ya kweli. Udongo umelowa mpaka kiwiko."

Emmaculate aliketi kitandani. "Mungu asifiwe."

"Asifiwe, lakini tunakungoja. Majirani wote wako shambani. Ng'ombe wa kulima nimewapata leo na kesho tu, na Jumatatu nina darasa. Jua la Machi unalijua, likipiga siku mbili udongo umekuwa tofali. Toka huko uje."

Hakusema tafadhali. Alikata simu kama anayemwita mtoto aliyechelewa dukani.

Katika boma kama lile, mama mwenye boma ndiye hutia mbegu ya kwanza ardhini. Si lazima amalize shamba. Mashimo machache yanatosha, mradi yawe ya mkono wake. Baada yake hufuata mke wa mwana wa kwanza, kisha wa pili. Anayemruka mkubwa wake huleta chira, na chira ikiingia nyumbani hula mtu polepole, akapungua mwili hadi nguo zimkatae, na dawa ya hospitali haioni njia. Watu wa boma lile walikuwa wa kanisa, wamebatizwa mpaka mtoto wa mwisho, na mengi ya zamani walikuwa wameyaacha. Hili hawakuliacha. Ng'ombe mweupe angeweza kuuzwa bila Emmaculate na mbuzi wangeweza kuhamishwa bila yeye, lakini mahindi hayangeweza kupandwa bila yeye. Ndilo lililobaki mkononi mwake.

Aliwakuta wenzake wakinywa chai kwenye veranda ya nyumba ya wageni, wamevaa nguo za kanisa.

"Nyasuguta, lazima turudi. Leo. Sasa hivi."

Aliwaeleza. Bosibori aliweka kikombe chini. Nyasuguta alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Wesley, leo ni Sabato. Hiyo gari haijawahi kuwashwa Sabato hata siku moja."

"Najua. Lakini si hata kwa Biblia ng'ombe akianguka shimoni siku ya Sabato anatolewa?"

"Ng'ombe gani ameanguka?"

"Mahindi yangu."

"Mahindi yako haijaanguka kwa shimo," Nyasuguta alisema. "Ndiyo unataka kuenda kuiweka kwa shimo."

Chai ilimpalia Bosibori. Siku nyingine Emmaculate naye angecheka hadi ashike mbavu, lakini asubuhi ile maneno hayo yalimchoma. Aliwatazama marafiki zake na vitambaa vyao vyeupe, akaona kwamba siku ya shida kila mtu hurudi kwa watu wake.

"Sikuchekei," Nyasuguta alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Jua likizama tu, nawasha gari, twende hata kama ni usiku. Lakini leo nikiwasha kwa sababu ya mahindi yako, Sabato ingine nitawasha kwa sababu ya mitumba yangu. Najijua."

"Nikifika usiku nitapanda kwa tochi?"

"Na kesho asubuhi?" Bosibori aliuliza.

"Wesley hawezi kungoja kesho asubuhi. Hujamsikia vile ameongea."

"Tumemsikia," Bosibori alisema. "Ulikuwa umeweka sauti juu."

Hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote. Alirudi chumbani, akafunga mkoba, akatembea peke yake hadi stendi. Kengele ya kanisa fulani ilikuwa ikilia. Alilipa nauli ya Homa Bay, ambako angebadilisha gari, akakaa karibu na dirisha. Gari lilibakiza abiria watatu lijae. Ng'ambo ya paa za maduka kipande cha ziwa kilionekana, na mbele yake mlima wa buluu. Alimuuliza utingo ule ni mlima gani.

"Hiyo ni Mfangano, mama," utingo alisema. "Hujawahi kuiona?"

Emmaculate aligeuza uso upande wa pili. Simu ikalia tena. Alikuwa Bhoke, mke wa mwanawe wa pili, Cliff. Bhoke alikuwa Mkuria wa Ntimaru. Alikuwa ameolewa hapo Agosti iliyopita, naye na mama mkwe walizungumza kwa Kiswahili, maana Kijaluo cha Bhoke bado kilikuwa cha kubabaisha.

"Mama, habari ya asubuhi."

"Nzuri. Mbona unanong'ona?"

"Niko kwa choo."

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama. Nimejificha. Mama, nimepanda."

"Umepanda nini?"

"Mahindi. Laini nne, hapa nyuma ya nyumba yetu. Asubuhi sana, watu wakiwa wamelala."

"Bhoke! Hawakukuambia?"

"Waliniambia! Jana mvua ikianza, mke wa Wesley aliniambia, 'Hapa tunangoja mbegu ya Mama.' Mimi nikafikiria ni mbegu, Mama. Mbegu ya kupanda. Nikadhani wewe ndiye unagawia watu. Na mimi niko na yangu, mama yangu alinipatia nikitoka kwetu. Nikasema, kwa nini nisumbue Mama na mbegu na mimi niko nayo?" Akashusha sauti zaidi. "Sasa saa hii nimesikia Wesley akiambia bibi yake, hakuna mtu aguse jembe, mwenye atapanda kabla ya Mama anataka kutuua. Alisema hivyo. Kutuua."

Kwanza Emmaculate alikasirika. Tuseme ukweli, alikasirika sana. Mama mwenye boma harukwi ila amekufa, na hapa alikuwa amerukwa akiwa hai, amekaa garini na tikiti mkononi. Kisha akamsikia yule msichana akijaribu kulia bila kutoa sauti, ndani ya choo cha mabati, na hasira ikageuka ikawa hofu. Alijua yatakayofuata. Mtoto wa Wesley akikohoa, ni Bhoke. Ng'ombe akizaa ndama mfu, ni Bhoke. Cliff alikuwa chini ya ardhi huko Masara siku sita kwa wiki akichimba dhahabu. Shimo likimwangukia, hata miaka ishirini kutoka leo, watasema ni yule Mkuria aliyepanda kwanza.

"Kuna mtu ameona?"

"Bado. Lakini ng'ombe za kulima zitapitia hapa zikienda shambani. Mama, nifukue?"

"Usiguse. Ukifukua ndiyo watakuona. Osha uso, utoke, uendelee na kazi yako. Wesley akikuuliza, sema nilikupigia alfajiri nikakuambia urudishie udongo. Basi. Usiongeze neno."

"Nirudishie udongo wapi, Mama?"

"Toka huko chooni, Bhoke."

Hata gari lingeruka, asingefika Masara kabla ya saa nane, na ng'ombe wangepita kwa Cliff kabla ya saa tatu. Safari haingesaidia chochote. Alisimama, akagonga goti kwenye kiti cha mbele.

"Nishushe."

"Mama, tumebakisha wawili tu!" utingo alisema. "Na pesa ikishaingia hairudi."

"Kaa nayo."

Abiria walicheka. Mmoja alisema kwa Kijaluo kwamba mama huyu amekumbuka sufuria jikoni. Emmaculate alienda akasimama nyuma ya kibanda cha kuuza simu, akageukia ukuta, akampigia mwanawe.

"Umefika wapi?" Wesley aliuliza.

"Sijatoka Mbita. Pandeni. Mimi nilishapanda."

"Ulipanda lini?"

"Jana alfajiri, kabla Nyasuguta hajaja. Mistari minne, nyuma ya nyumba ya Cliff."

"Kwa Cliff? Kwa nini si shambani kwako?"

"Shambani kwangu palikuwa pagumu kama sakafu. Pale Bhoke humwaga maji ya kufulia, ni laini."

"Mama, jana nilikuuliza mvua ikinyesha itakuwaje. Ukaniambia redio. Leo asubuhi nimekupigia, ukanyamaza. Kama ulikuwa umepanda, kwa nini hukusema?"

Emmaculate alitazama ukuta, akafungua mdomo, na kilichotoka hakujua kilikuwa kimekaa wapi siku zote.

"Nilitaka kuona kama utaniomba. Hukuniomba. Uliniamuru, Wesley, kama mtoto wako wa darasa la nne."

Wesley alisikika akitembea, viatu vyake vikinata matopeni. Kisha vikasimama.

"Nimefika. Mama, huu udongo umechimbwa leo. Mvua haijaupiga."

"Ni Bhoke. Nilimpigia alfajiri, akaniambia imenyesha, nikamwambia arudishie udongo mbegu zisije zikawa nje. Wewe ulikuwa bado unakoroma."

Ilisikika minyororo ya ng'ombe tu, na mwenye ng'ombe akiuliza kwa sauti kama leo ni kazi au ni mkutano. Wesley alikuwa amefundisha watoto miaka kumi na minne. Uongo aliujua hata ukija na vitabu mkononi. Lakini udongo ulikuwa umelowa, jua lilikuwa linapanda, na Jumatatu ilikuwa inakuja.

"Mama, hili si jambo la mchezo," alisema polepole. "Unaniambia ni mkono wako?"

"Ni mkono wangu."

"Mbele ya Mungu?"

Emmaculate alifumba macho. "Ni mkono wangu, Wesley."

"Basi..." Alikohoa. "Basi tunaomba tupande. Tafadhali."

"Pandeni."

Alipoweka simu mkobani aliketi juu ya kreti tupu ya soda. Hakuwa mtu wa kuchezea mambo hayo. Aliiamini chira kama alivyouamini ugonjwa wa malaria. Sasa mkubwa alikuwa amerukwa, mbegu ilikuwa ardhini, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa lake mwenyewe, kwa kinywa chake. Aliogopa. Aliogopa waziwazi, mchana, katikati ya watu wanaonunua vocha.

Bosibori alimkuta kwenye veranda baada ya ibada. Emmaculate alimwambia yote, maana kuna watu ambao huwezi kukaa nao kimya.

"Miaka thelathini wodini," Bosibori alisema, "wameniletea watu wengi wakisema ni chira. Wengi wao ugonjwa wao niliujua kwa jina."

"Wengi," Emmaculate alisema. "Hukusema wote."

Bosibori alifikiri. "Sikusema wote," alikubali, akamkata ndizi nusu. Nyasuguta alikuja nyuma yake, akakaa upande wa pili bila utani wowote, akamshika mkono, na jioni jua lilipozama hakuuliza kama awashe gari.

Jumapili walivuka hadi Sena, huko Mfangano. Ufuo wote ulikuwa umetandikwa nyavu, na juu ya nyavu omena zikimeta, na wanawake wakizigeuza kwa mifagio. Emmaculate alisimama pale na mkoba wake mpya.

"Mama, ni debe ngapi?" mmoja aliuliza.

"Sinunui. Nimetoka Migori, nimekuja kuona tu."

"Kuona omena?" Yule mwanamke aliwaita wenzake. "Njooni, kuna mama ametoka Migori kuja kuona omena!"

Walimcheka. Aliinama, akachota omena kiganjani, akazinusa, akazivunja. "Hizi mkizifunga leo zitaniozea sokoni," alisema. "Ndizo zenu zile za wiki jana, nimezitupa nusu gunia." Kicheko kilikatika. Baada ya dakika chache walikuwa wamemletea kigoda, wanabishana naye kuhusu jua na mchanga, na Nyasuguta alikuwa anapiga picha.

Lakini moyo haukutulia. Tangu aseme pandeni, simu haikulia hata mara moja. Alitembea hadi penye mtandao, akaangalia, akarudi. Walipopanda mlima kidogo kuona upande wa pili wa ziwa, pumzi ilimkata, akasimama na mkono kifuani akijiambia, chira imeanza. Kisha akakumbuka kwamba asubuhi alikula mandazi manne, akaendelea kupanda.

Walifika nyumbani jioni hiyohiyo, jua likizama. Shamba lote lilikuwa limepandwa. La Wesley, la Cliff, na la Emmaculate pia, mistari imenyooka kama daftari. Wesley alimpokea langoni, mara ya kwanza kwa miaka mingi, akambebea mfuko wa samaki aliorudi nao.

"Tumekumalizia hata lako, Mama. Sasa ni kupumzika tu."

Alilisema kwa wema, na hakumtazama machoni. Emmaculate aliitazama ile mistari ambayo hakuna hata mmoja alioupanda, akataka kulia. Badala yake alishukuru.

Jikoni kwake moto ulikuwa umewashwa. Bhoke alikuwa amechutama mbele ya sufuria. Alipomwona mama mkwe alisimama, akachungulia nje kuhakikisha hakuna mtu, akafunga mlango.

"Mama, nataka kuongea juu ya yale mahindi."

"Mahindi gani?"

"Yale ya nyuma ya nyumba yetu. Yale nili..."

"Yale yangu?"

Bhoke aliachia mlango, akamsogelea.

"Niliyapanda Ijumaa alfajiri," Emmaculate alisema. "Ulikuwa umelala. Siku yoyote, kukija kitu chochote hapa kuuliza ni nani alipanda kwanza, kitaniuliza mimi. Wewe hujui lolote, hata Cliff akikubembeleza. Umenielewa?"

"Mama, lakini kama kweli..."

"Bhoke. Umenielewa?"

Machozi yalikuwa yamemjaa yule msichana hadi kidevuni. "Nimeelewa, Mama."

"Basi nipe chai. Nimetoka mbali."

Bhoke alimimina, akaongeza sukari bila kuulizwa, akampa kikombe. Emmaculate alikipokea kwa mikono miwili, akakishika kwa nguvu, ili yule mtoto asione jinsi anavyoogopa.